Mulombwa, mupapa, muputu au musuku: mti upi wa asili kwa kiwanja cha Lubumbashi?

Mwenye kiwanja Ruashi, Annexe au njia ya Kipushi, akibakiwa na nafasi ya mti mmoja mkubwa, hakosi washauri. Mmoja atamwambia apande mkaratusi kwa kuwa unakua upesi, mwingine mwembe ili watoto wale, wa tatu jakaranda ili barabara ipendeze Oktoba. Ni miti mizuri, na yote imetoka mbali: mkaratusi Australia, mwembe Asia, jakaranda Amerika ya Kusini. Ulinganisho huu ni wa yule aliyekwisha kuamua kwamba anataka mti wa hapa, wa pori la miombo lililouzunguka mji huu kabla ya makala (mkaa) na matofali kulisogeza mbali, ila hajui aanze na upi.

Wapo pia wanaoulizia mwaloni. Mialoni ya Mamre tunaisoma katika kitabu cha Mwanzo, na fundi wa samani aliyefanya kazi Ulaya ataisifu mbao yake, lakini jamii hiyo ya Quercus haina mti wa asili hata mmoja kusini mwa Sahara. Heshima ambayo watu wa Ulaya huupa mwaloni, ya mti unaoishi kuliko aliyeupanda, kwetu ni haki ya miti ya miombo. Nimechukua minne ambayo mbegu zake mtu wa kawaida anaweza kuzipata bila kusafiri mbali: mulombwa (Pterocarpus angolensis), mupapa (Afzelia quanzensis), muputu (Brachystegia spiciformis) na musuku (Uapaca kirkiana). Majina haya ya Kibemba hubadilika ukivuka mto au kijiji, kwa hiyo jina la kisayansi ndilo la kushika unapoagiza mche kwa mtu usiyemjua.

Tutaipima kwa mambo gani

La kwanza ni utambuzi. Anayeshindwa kuutambua mti mkubwa porini hawezi kujua mbegu aliyouziwa ni ya nini, na kosa hilo litaonekana baada ya miaka mitano, mche ukiwa umeshaota mahali pasipoufaa. La pili ni mbegu na kitalu: inaota kirahisi au kwa kubembelezwa, inakaa muda gani kabla ya kufa. La tatu ni miaka ya mwanzo, hasa kile kiangazi cha Mei hadi Septemba ambacho hakina mvua ya maana. La nne ni udongo na nafasi. La tano ni kile utakachopata: kivuli, tunda, mbao, asali. Mwisho wa kila mti nitasema unamfaa nani.

Bei sikuiweka. Miche ya miti hii haina bei ya soko inayoeleweka mjini. Wengi huipata kwa kuokota mbegu wenyewe au kwa kuelewana na mwenye kitalu.

Yanayoihusu yote minne

Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Miti ya miombo imezoea mgawanyo huo wa shibe na njaa, na njia yake ni moja: inajenga mzizi kwanza. Mche wenye urefu wa kiganja juu ya ardhi unaweza kuwa na mzizi wa kuzidi mkono chini yake. Ndiyo sababu mfuko mfupi wa plastiki unaotumika kwa mche wa mpapai ni adui wa miti hii. Mzizi hufika chini, hujipinda, na ukishajipinda hautanyooka tena hata uhamishiwe kwenye shimo zuri namna gani. Tumia mfuko mrefu wa sentimita 25 au 30, au panda mbegu moja kwa moja mahali pa kudumu.

Jambo la pili ni udongo wa mama. Mizizi ya muputu, mupapa na musuku huishi pamoja na kuvu wa ardhini wanaoivisha kama soksi na kuiletea maji na madini ambayo mzizi peke yake haufikii. Mche uliooteshwa kwenye mchanga wa mtoni au mbolea tupu hukosa kuvu hao, nao hudumaa na kuwa wa njano, mwenye mti akidhani ni ukosefu wa maji. Dawa yake haina gharama: chota udongo wa juu chini ya mti mkubwa wa aina ileile, pamoja na majani yaliyooza, uuchanganye na udongo wa kitalu. Ndoo moja inatosha mifuko mingi. Mulombwa ana utaratibu mwingine, kwa kuwa mizizi yake hutoa vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani kama maharage yafanyavyo. Udongo wa mama unaufaa nao pia, maana bakteria hao wamo humo.

La tatu: hakuna hata mmoja kati ya hii minne unaopenda dembo, yaani bonde la majimaji. Kiwanja kinachotuama maji Februari, usipande humo wowote kati ya hii.

Na kwa wanaoishi kwenye vitongoji vilivyokuwa chini ya upepo wa moshi wa kuyeyushia shaba, kama Penga Penga, udongo wa juu bado umebeba madini mazito. Chimba shimo kubwa kuliko kawaida, ujaze udongo wa kutoka nje uliochanganywa na mboji na chokaa kidogo, ndipo upande.

Mulombwa

*Kuutambua.* Gome lake ni la kijivu cheusi, limepasuka katika vipande vya pembe nne. Lichane kidogo kwa kisu, utaona utomvu mwekundu ukitoka, mzito, unaoganda na kuwa mweusi. Jani moja limegawanyika katika majani madogo yanayoweza kufika 19. Lakini alama isiyodanganya ni ganda la mbegu: kifundo chenye miiba mingi laini, kilichozungukwa na bawa jembamba la duara, upana wake kama sentimita 10. Maganda hayo hubaki yakining'inia majani yakishapukutika, kwa hiyo Julai unaweza kuutambua mulombwa kutoka barabarani bila kushuka kwenye gari.

Usiuchanganye na mukula, Pterocarpus tinctorius, ndugu yake wa damu. Mukula ana majani madogo machache zaidi na makubwa zaidi, na moyo wa mbao yake ni mwekundu kabisa. Ndio uliokatwa sana Haut-Katanga katika miaka ya 2010 na kupelekwa Asia, hadi CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ukauweka chini ya udhibiti mwaka 2019. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, aina zote za Pterocarpus na Afzelia za Afrika zilifuata. Hilo halimzuii mtu kupanda mulombwa au mupapa kwake. Linahusu biashara ya kuvuka mipaka, ambayo sasa inadai kibali, na afadhali ulijue kabla hujaanza kuhesabu mbao za kuuza nje ya nchi.

*Mbegu na kitalu.* Hapa pana kazi. Kata bawa kwa mkasi, choma au kwangua miiba, kisha pasua kifundo polepole. Ndani mna mbegu moja au mbili, na vifundo vingi ni vitupu. Mbegu uliyoipata ikwaruze upande mmoja, iloweke usiku kucha, ndipo uipande. Hata hivyo zitaota kwa kupishana, nyingine wiki ya pili, nyingine umeshazikatia tamaa. Panda nyingi kuliko unazohitaji. Kusini mwa Afrika wapo wanaochomeka matawi manene ardhini kama nguzo za uzio, na baadhi hushika mizizi. Kwa mwenye mti wa kukata tawi ni njia ya kujaribu, ila isiwe tegemeo lako pekee.

*Miaka ya mwanzo.* Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi. Mche wa mulombwa ukifika kiangazi hukauka wote, kuanzia ncha hadi usawa wa ardhi. Kinachobaki ni kijiti cha kahawia ambacho ukikikunja kinavunjika. Mwenye nyumba anakitazama Julai, anaona kifo. Kwenye kitalu kimoja njia ya Likasi nilisikia mama mmoja akimwambia mzee anayekitunza, "Papa, muti ilisha kufa," naye mzee hakumjibu kwa maneno. Alipiga magoti, akafukua udongo kwa vidole shingoni mwa mche, akamwonyesha: chini kidogo ya ardhi palikuwa na uvimbe mnene kuliko kijiti chenyewe, na juu ya uvimbe huo chipukizi mbili nyekundu, ndogo kuliko punje ya mchele. "Mama, ungoje mvua," akasema.

Mchezo huo wa kufa na kufufuka hurudiwa kila mwaka, miaka kadhaa mfululizo, mzizi ukinenepa. Siku ukitosheka, mche hutoa shina moja lenye nguvu ambalo halirudi tena chini. Kwa hiyo upige kigingi imara pembeni ya kila mche, upake rangi, na umwambie kijana anayefyeka majani kwamba hapo pana mti. Milombwa mingi ya mjini huuawa na jembe kuliko jua.

*Udongo na nafasi.* Unataka udongo mwekundu au wa kichanga usiotuama maji. Unafika mita 10 hadi 20, na kichwa chake hakifungi mwanga wote, hivyo maboga na maharage yanaweza kuendelea chini yake.

*Utakachopata.* Maua ya njano ya dhahabu yenye harufu nzuri yanayokuja kabla ya mvua, wakati nyuki wana njaa. Mbao ambayo mafundi wa Tanzania huiita mninga na kuiheshimu kwa sababu haijikunji ikishakauka. Lakini mbao hiyo ni ya wajukuu. Kipenyo cha kukatika kinahesabiwa kwa miongo.

*Unamfaa nani.* Mwenye ardhi yake, mwenye subira, ambaye hana haja ya kivuli mwaka kesho kutwa. Mfugaji wa nyuki pia. Usimpe mpangaji.

Mupapa

*Kuutambua.* Huu ndio mwepesi kuliko yote. Ganda lake ni gumu kama ubao, bapa, jeusi, urefu wa sentimita 10 hadi 17 au zaidi, na likipasuka linaonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu ya chungwa. Mafundi wa shanga huzitunga shanga, na watoto hawaachi kuziokota. Majani madogo yako kwa jozi nne hadi sita, yanateleza na kung'aa, na machipukizi mapya yana rangi ya shaba. Gome la kijivu hubanduka vipande na kuacha mabaka meupe. Porini utauona mara nyingi juu ya vichuguu vikubwa na kwenye miamba.

*Mbegu na kitalu.* Ondoa kofia nyekundu, ikwaruze mbegu upande usio na kovu, iloweke siku nzima, izike sentimita mbili au tatu. Wiki mbili au tatu baadaye inatoka na nguvu, kwa sababu mbegu ni kubwa na ina akiba ya kutosha. Mtoto wa shule anaweza kuisimamia. Mbegu kavu iliyohifadhiwa vizuri inakaa hadi msimu ujao bila kuharibika. Panya huzipenda, kwa hiyo funika kitalu kwa wavu.

*Miaka ya mwanzo.* Mupapa haurudi ardhini kila kiangazi kama mulombwa, na hilo peke yake linawapa watu moyo. Unakua kwa mwendo wa wastani kwenye udongo wa kina. Udhaifu wake ni baridi: mche mchanga kwenye bonde ambako hewa ya usiku wa Juni na Julai hutulia unaweza kuungua machipukizi. Upande juu ya mteremko, na miaka miwili ya mwanzo uufunike nyasi kavu nyakati za baridi. Kiangazi cha kwanza umwagilie mara moja kwa wiki, maji mengi kwa mara moja. Kunyunyiza kidogo kila siku hufanya mizizi ibaki juu.

*Udongo na nafasi.* Mti mpana. Matawi yake huenea, na maganda yake mazito huanguka kwa kishindo kwenye mabati. Uache mita 8 hadi 10 kutoka ukutani, na usiupande juu ya mahali unapoegesha gari. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 kilichokwisha kujengwa nyumba na vyumba vya kupangisha hakiutoshi.

*Utakachopata.* Kivuli kizito, mapema kuliko mulombwa. Mbao ngumu isiyosumbuliwa sana na mchwa. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania huiita mbambakofi na kuifanyia milango ya nakshi na majahazi. Tunda la kula hakuna.

*Unamfaa nani.* Anayepanda mti wa asili kwa mara ya kwanza na ana uwanja mpana: shule, parokia, zahanati, shamba la pembezoni mwa mji.

Muputu

*Kuutambua.* Hapa hata wazoefu husimama na kutazama mara mbili, kwa sababu ndugu zake ni wengi na baadhi huzaana wao kwa wao. Muputu kwa kawaida una jozi nne za majani madogo, na jozi ya mwisho, ile ya ncha, ndiyo kubwa kuliko zote. Ndugu yake Brachystegia boehmii ana jozi nyingi nyembamba zinazoning'inia, na gome lake ndilo la kufumia kamba. Mutondo, Julbernardia paniculata, hubeba maua na maganda juu ya kichwa chake, nje ya majani, na maganda hayo yana manyoya ya kahawia. Ukiwa huna hakika, rudi Septemba. Majani mapya ya muputu hutoka mekundu ya damu, kisha ya shaba, kisha ya kijani, ndani ya wiki chache na kabla ya tone la kwanza la mvua. Pori zima hubadilika rangi, na siamini kuna jambo la kupendeza kuliko hilo katika mwaka wa Katanga.

*Mbegu na kitalu.* Siku za joto la Septemba na Oktoba maganda ya muputu hupasuka kwa mlio mkali na kurusha mbegu bapa za kahawia mita kadhaa. Usingoje hapo, utaokota zilizoliwa. Kusanya maganda yaliyokomaa yakiwa bado yamefungwa, yatie ndani ya gunia, weka gunia juani lifungwe mdomo, na yatapasukia humo. Mbegu haihitaji kukwaruzwa wala kulowekwa. Ila haikai: panda msimu uleule. Na kwa kuwa mche wake hauvumilii kuhamishwa, ni bora utie mbegu tatu mahali pa kudumu, kisha ubakize mche ulio bora.

*Miaka ya mwanzo.* Pole sana juu ya ardhi. Moto wa nyasi ukipita, mche mdogo unateketea au unaanza upya.

Lakini ipo njia ambayo watu wa viwanja vipya huikanyaga bila kuiona. Sehemu nyingi zinazopimwa sasa kandokando ya mji zilikuwa miombo iliyokatwa kwa ajili ya makala, na visiki bado vipo. Kisiki cha muputu kina mizizi ya miongo mingi, na kikiachwa kinatoa machipukizi kumi, kumi na matano, yenye haraka ambayo mche wa mbegu hauwezi hata kuiota. Mnunuzi wa kiwanja anafika na kijana mwenye shoka, anang'oa vyote, kisha anakwenda kutafuta mche wa kupanda. Kabla hujang'oa, zunguka kiwanja chako Oktoba ukitazama majani mekundu. Chagua kisiki kilicho mahali pazuri, mbali na msingi wa nyumba na shimo la choo. Acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, yanayotoka chini karibu na ardhi, maana yatokayo juu ya kisiki hukatika na upepo. Mengine yakate. Mwaka wa pili bakiza moja. Kwa njia hiyo unaweza kukaa chini ya kivuli wakati jirani aliyepanda mbegu bado anatafuta mche wake kwenye nyasi. Mulombwa na musuku pia huchipua hivi, ila muputu ndio unaopatikana zaidi.

*Udongo na nafasi.* Unavumilia udongo maskini, wenye changarawe. Kichwa bapa, kipana. Mita 8 kutoka nyumbani.

*Utakachopata.* Mbao yake ikikaa nje haidumu, na sitamdanganya mtu. Utajiri wa muputu uko kwingine. Nyuki hufanya asali nzuri kwa maua yake. Viwavi wanaoliwa hula majani yake. Na wale kuvu wa mizizini, mvua ikishakolea, baadhi yao hutoa uyoga juu ya ardhi, ule wa rangi ya chungwa unaouzwa kwa mafungu kando ya njia na kupikwa nyumbani wa kula na bukari (ugali). Mti mmoja wa uani haukuhakikishii uyoga wa kuuza, lakini pasipo jamii hii ya miti uyoga huo hauoti kabisa, kwa hiyo kila muputu unaokatwa unapunguza na chakula hicho. Uyoga usioujua usiuonje. Umwonyeshe kwanza mtu aliyekulia porini.

*Unamfaa nani.* Mwenye kiwanja chenye visiki, mwenye shamba la nyuki, na yeyote anayetaka pori lirudi mahali lilipokuwa.

Musuku

*Kuutambua.* Majani yake hayakugawanyika. Ni makubwa, magumu kama ngozi, mapana kuelekea ncha, yenye mishipa iliyotokeza, na yamekusanyika mwishoni mwa matawi. Mti ni mfupi, mita 5 hadi 12, na kichwa ni cha mviringo. Upo Uapaca nitida mwenye majani membamba yanayong'aa na tunda dogo. Ukitaka masuku ya kula, tafuta jani pana.

*Mbegu na kitalu.* Oktoba hadi Desemba wauza masuku wanakaa barabarani na beseni zao, na humo ndimo kilipo kitalu chako. Nunua yaliyoiva vizuri ya kahawia ya njano, yafyonze, uzioshe mbegu tatu au nne za kila tunda mpaka zisiteleze, na uzipande wiki hiyohiyo. Mbegu ya musuku ikikauka imekufa. Aliyekuuzia mbegu kavu ndani ya bahasha amekuuzia takataka. Huota baada ya wiki nne hadi sita, na pasipo udongo wa mama zitasimama hapo hapo zilipo.

*Miaka ya mwanzo.* Jua kali la mchana linaumiza mche mdogo, kwa hiyo uweke kivuli cha nyasi mwaka wa kwanza. Moto ndio adui wake mkubwa.

Tunda linadai maelezo zaidi. Musuku una mti dume na mti jike, na gome au majani hayakuambii ni upi hadi uchanue. Ukipanda mmoja wa mbegu unaweza kungoja kama miaka kumi ugundue ni dume. Panda mitano au sita, ukae na majike mengi na dume mmoja. Au upandikize: watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, huko Malawi walionyesha kwamba kikonyo (kitawi cha kupandikiza) kutoka kwa jike mwenye matunda matamu, kikipandikizwa juu ya mche wa mbegu, kinaweza kuzaa ndani ya miaka mitatu au minne. Mtu aliyezoea kupandikiza miembe na maparachichi anaweza kuifanya kazi hiyo, ingawa musuku unataka kisu kikali na mkono mwepesi. Kata kikonyo asubuhi, ukifunge siku hiyohiyo.

*Udongo na nafasi.* Mteremko, changarawe, udongo mchachu usio na rutuba nyingi. Mbolea ya kuku hauhitaji. Mita 5 kutoka ukutani zinatosha, na hii ni faida kubwa kwa viwanja vya Katuba na Kenya, komini za hapa mjini.

*Utakachopata.* Masuku, kwa watoto, kwa divai ya nyumbani na kwa soko. Kivuli cha wastani. Mbao si ya kutajwa sana.

*Unamfaa nani.* Mwenye nafasi ndogo anayetaka kula, mwenye shamba anayetaka fedha kila msimu, na familia yenye watoto.

Kwa hali yako

Ukiwa na uwanja mdogo ndani ya mji na nafasi ya mti mmoja tu, tafuta musuku uliopandikizwa, na uwe na hakika kwamba porini au kwa jirani kuna dume karibu. Usipopata wa kupandikizwa, mmoja wa mbegu ni bahati nasibu na bora ulijue hilo kabla.

Shule au parokia yenye uwanja wa kutosha ianze na mupapa kwa sababu watoto wataiona mbegu ikiota muhula huohuo, kisha iongeze milombwa michache kwenye mpaka, kila mmoja na kigingi chake.

Aliyenunua kiwanja chenye visiki asinunue mche wowote mwaka huu. Atazame kwanza kilichomo.

Mwenye hekta kadhaa njia ya Kasumbalesa au Likasi sioni kwa nini achague mmoja. Machipukizi ya muputu katikati, misuku kwenye mteremko wenye changarawe, milombwa ikitangulia kuzikwa sasa ili ipate miaka yake ya kujificha, mizinga ya nyuki ikitundikwa kwenye muputu mkubwa wowote uliosalimika. Kinga ya moto iwe kazi ya kwanza: fyeka ukanda wa mita tatu au nne kuuzunguka mpaka wa shamba kabla ya mwisho wa Mei, nyasi zikiwa bado hazijakauka kabisa, maana miche yote minne inapotea zaidi kwa moto wa Agosti kuliko kwa kiu.

Anayehitaji kuni na makala ya mbabula (jiko la mkaa) ndani ya miaka michache, miti hii haitamtosheleza. Apande akasia ya kuni sehemu moja, iwe ndiyo ya kukata, na hii ya miombo aiweke sehemu nyingine isiyoguswa.

Na aliye kwenye dembo aiache yote minne. Mzambarau wa mwitu wa kando ya mito, Syzygium cordatum, hupenda maji miguuni, huwa na majani mwaka mzima, na tunda lake la zambarau linaliwa. Mbegu yake nayo hufa ikikauka, kwa hiyo ipandwe mbichi, siku ileile tunda lilipochumwa.